Fidla ya Nyuzi za Kaboni

Carleen Hutchins alikuwa mwalimu wa sayansi kabla hajashika patasi. Nyumbani kwake Montclair, New Jersey, nchini Marekani, alikuwa akilaza ubao wa fidla juu ya spika, anaunyunyizia vumbi la kumetameta, kisha anapandisha mlio taratibu. Ukifika kiwango fulani, vumbi huruka kutoka sehemu zinazotikisika na kujikusanya kwenye sehemu zilizotulia, na mchoro ukajitokeza. Usipompendeza, anaparua ubao kidogo na kujaribu tena. Stradivari na mafundi wenzake wa kale wa fidla huko Cremona, Italia, wao walitegemea vidole na masikio.

Mwaka 1975, Hutchins na wenzake walieleza fidla ambayo ubao wake wa juu ulitengenezwa kwa nyuzi za kaboni na gundi ya epoksi. Wazo hilo lilikuwa gumu kuliko linavyosikika. Msprusi, mti wa nchi za baridi unaotumika kwa ubao huo, ni mwepesi mno, tena ni mkakamavu kwa urefu wa nyuzi zake na mlegevu kwa upana. Kaboni ina ukakamavu wa kutosha na kubaki, ila kwa ujazo uleule ina uzito wa karibu mara nne ya msprusi. Ikabidi itandazwe kwa tabaka nyembamba, kiini chepesi katikati, na nyuzi nyingi zielekee upande mmoja kama za mti. Sioni heshima kubwa kuliko hiyo kwa mbao: maabara ilikaa ikauiga mti.

Luis Leguía alifika huko kwa njia ya bahari. Mpigaji huyu wa selo katika Okestra ya Simfoni ya Boston alipenda kusafiri kwa tanga, na ni boti ya faiba iliyovuma majini ndiyo iliyomfungua masikio. Akashirikiana na mtengenezaji wa boti, Steve Clark, wakaunda selo ya kaboni, baadaye na fidla. Pembe nne za kiunoni wakaziondoa. Kaboni hutandazwa kwenye kalibu, haihitaji pembe za kuunganishia mbavu. Unyevu hauivimbishi, wala jua haliipasui.

Hata hivyo, okestra nyingi bado ni za mbao. Kaboni imekubalika zaidi kwenye upinde. Mti wa pernambuco, ambao kwa desturi ndio hutengenezea pinde na ambao kiasili huota Brazili peke yake, uliwekewa masharti ya biashara ya kimataifa mwaka 2007 kwa kukatwa kupita kiasi, na leo wapigaji wengi wa fidla za mbao hubeba upinde wa kaboni.