Deni la Mwaka wa Kwanza

Kijana akichaguliwa kuingia chuo kikuu hupewa mawaidha chungu nzima. Tunza bumu lako lisiishe wiki ya pili. Chunga marafiki. Soma, usije ukadisko ukarudi nyumbani na sanduku kichwani. Mawaidha mazuri hayo, wala sina ugomvi nayo. Ila katika kufuatilia historia ya Mlimani, chuo kikuu kikongwe kuliko vyote Tanzania, nimeona kuwa mambo hayo mtu huyazoea tu. Foleni ya chakula utaizoea. Hata kubebana, wawili kitanda kimoja, utazoea. Linalosumbua ni swali moja: nani anakusomesha, na una deni gani kwake?

Tuanze na waliotangulia. Chuo kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London. Mlimani kwenyewe kulikuwa bado. Masomo yalianza katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kitivo kimoja tu cha sheria, na wanafunzi hata 20 hawakufika. Hebu fikiri: wana siku 45 tu za mwaka wa kwanza, nchi inapata Uhuru! Wakoloni wanafunga virago, ofisi zinataka watu, na wasomi wa kuhesabu. Kijana wa namna hiyo hakuwa na wasiwasi wa ajira. Ajira ndiyo iliyokuwa ikimsubiri yeye.

Aliyelipa gharama ni mkulima. Mwalimu Nyerere alikuwa na mfano wake: msomi ni kama mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake. Akila akapotelea huko, ni msaliti. Basi hilo ndilo lilikuwa deni. Halikuandikwa popote, wala halikuwa na tarehe ya kwisha.

Mwaka 1966 serikali ikaamua kulidai. Wahitimu wote waingie Jeshi la Kujenga Taifa: miezi mitano kambini, halafu miezi 18 kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wakakataa. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana hadi Ikulu, wamevaa majoho yao, na mabango mengine yakisema eti enzi za ukoloni zilikuwa nafuu. Mwalimu aliwaka. Zaidi ya 300 wa Chuo Kikuu walifukuzwa, wakarudishwa makwao, na wengi hawakupokewa tena mpaka mwaka 1967.

Wengi wetu tumefundishwa kuwacheka vijana wale kwamba walikuwa mabwanyenye wadogo. Pengine walikuwa. Lakini walisema pia jambo lenye uzito: kama ni kujinyima, mbona wakubwa hawajinyimi? Siku ileile Mwalimu alitangaza kukata mshahara wake kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha na masharti ya uongozi. Siwezi kusema kwamba maandamano ndiyo yaliyozaa Azimio. Nasema tu swali la wanafunzi halikuanguka chini.

Waliowafuata walikuwa na jibu lingine. Mwaka 1969 wanafunzi wachache walianzisha gazeti wakaliita Cheche. Hawakuwa na kiwanda cha uchapaji, bwana. Walipiga taipu, wakazungusha mashine ya kurudufu, wakabana kurasa kwa pini. Mengi yaliandikwa kwa Kiingereza, lakini jina lilikuwa letu. Humo ndimo ilimotoka makala ndefu ya Issa Shivji juu ya matabaka nchini, naye akaja kuwa profesa wa sheria. Mwishoni mwa mwaka 1970 Cheche ikapigwa marufuku. Haikutimiza hata miaka miwili, lakini mpaka leo inatajwa.

Halafu mambo yakageuka. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka mtu afanye kazi kwanza, ndipo aingie chuo. Kwa miaka kadhaa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alikuwa mtu mzima, pengine baba wa watoto. Kuanzia mwaka 1992 likaja suala la kuchangia gharama, na wazazi wakaanza kuingiza mkono mfukoni. Mwaka 2005 Bodi ya Mikopo ikaanza kazi. Mwaka 2016 sheria ikabadilishwa, makato ya mshahara kwa wenye mkopo yakawa asilimia 15.

Mimi ni wa kizazi hicho cha fomu. Nilitia saini ya deni langu kabla sijajua maktaba iko upande gani. Nyumbani bibi aliniambia, "Mjukuu wangu, ukipata usitusahau." Nikaona nina madeni mawili: moja lina namba, la pili halina.

Hatari ya deni lenye namba ni kwamba likiisha, mtu hujiona huru. Nimelipa, nisiulizwe kitu. Wale wa 1961 hawakuwa na nafasi ya kusema hivyo. Sitamani makambi wala kufukuzana kurudi, la hasha. Lakini vijana wa Cheche wananifundisha kitu: hawakungoja shahada ndipo walipe. Walilipa wakiwa bado darasani, kwa kalamu na kwa kuuliza maswali ambayo wakubwa hawakuyapenda.

Kwa hiyo wewe unayeingia mwaka huu, tunza bumu, soma, usidisko. Ila pia tafuta wenzako wawili watatu, andikeni jambo la kweli juu ya mlikotoka. Siku hizi huhitaji hata mashine ya kurudufu. Mtu wa kijijini aliyebanwa kodi ya sukari na sabuni ili wewe usome hana fomu ya kukudai. Anakungoja tu.