Mwalimu wa Shilingi Thelathini

Ndugu msomaji, kabla hujakimbilia kurasa za hadithi na mashairi, kaa nami kidogo hapa. Nina swali ambalo limenikosesha usingizi. Wewe unayesoma mstari huu, nani alikufundisha kusoma? Na mama yako alifundishwa na nani? Na bibi yako je?

Swali hili sikulipata kitabuni. Nimelipata kwa bibi yangu mzaa mama, mzaliwa wa Masasi, ambaye tunaishi naye hapa Mbagala. Mimi nimemaliza kidato cha nne, sikubahatika kuendelea, na ndoto yangu ni kuandika riwaya. Nina madaftari manne yaliyojaa. Jioni moja nilikaa naye barazani nikaanza kumsomea sura ya kwanza, kwa kujionyesha kidogo, si unajua tena. Alinisikiliza ukurasa mmoja tu, halafu akanyoosha mkono.

"Lete nisome mwenyewe, mume wangu. Mimi sisomewi tena."

Nikashtuka. Nikamwuliza, "Kwani zamani ulikuwa unasomewa nini, Bibi?"

Ndipo akanieleza. Babu, kama wanaume wengi wa kusini enzi zile, alikwenda Tanga kukata mkonge. Walioandikishwa kwa kazi hiyo waliitwa manamba, maana mtu alijulikana kwa namba yake. Akiwa huko aliandika barua, au aliandikiwa. Barua ilipofika kijijini, Bibi alimpelekea mwenye duka mmoja, kwa sababu ndiye aliyejua kusoma. Huyo bwana alikuwa akisoma kwa sauti, papo hapo dukani, mbele ya watu waliokuja kununua chumvi na mafuta ya taa.

"Siku moja alifungua barua, akaipitisha macho, akacheka," Bibi alisema. "Alicheka kwanza, ndipo akanisomea. Kijiji kizima kilijua mume wangu kapata mwanamke Tanga kabla sijajua mimi."

Mpaka leo, zaidi ya miaka hamsini baadaye, Bibi anakikumbuka kile kicheko kuliko barua yenyewe.

Sasa tuingie kwenye historia, maana Bibi hakuwa peke yake. Tanganyika ilipata Uhuru mwaka 1961 ikiwa na shule chache mno. Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba takriban wawili kati ya kila watu wazima watatu hawakujua kusoma wala kuandika. Usiku wa kuamkia mwaka 1970, Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa kwa redio na kuutangaza mwaka huo kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hoja yake ilikuwa rahisi. Tukiwangoja watoto wakue ndipo nchi ibadilike, tutangoja sana. Wanaolima, wanaovua na wanaolea ni watu wazima, basi wafundishwe wao.

Wilaya sita zikachaguliwa kutangulia: Mafia, Ukerewe, Kilimanjaro, Pare, Masasi na Dar es Salaam. Lengo lilikuwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma humo hadi mwisho wa 1971. Baadaye TANU ikaamua kazi hiyo ifanyike nchi nzima hadi mwaka 1975. Uamuzi ni maneno. Walimu wangetoka wapi? Wale wa shule za msingi hawakuwatosha hata watoto. Basi wakaombwa wengine: watumishi wa serikali, viongozi wa dini, wanafunzi, na zaidi ya wote vijana waliomaliza darasa la saba na kubaki nyumbani. Hao ndio walioitwa walimu wa kujitolea.

Mwalimu wa Bibi alikuwa mmoja wao, binti aliyetoka darasa la saba juzijuzi, mdogo kuliko wanafunzi wake karibu wote. Darasa lilikuwa chini ya mkorosho, jioni, watu wakitoka shamba. Ubao ulikuwa mbao tatu zilizogongwa pamoja na kupakwa weusi wa makaa ya betri kuukuu za tochi. Watoto walipita wakiwazomea, "Ngumbaru! Ngumbaru!" Hilo ndilo jina walilopewa wanafunzi watu wazima.

Nilimwuliza Bibi kama alikwenda kwa hiari. Akacheka.

"Hiari gani? Mjumbe wa nyumba kumi alikuwa anapita mlango kwa mlango na daftari. Wiki ya kwanza nilikwenda kwa kumwogopa mjumbe. Wiki ya pili nilikwenda kwa ajili ya ile barua."

Nimeyaandika maneno haya kama alivyoyasema, kwa sababu historia yetu ya kujitolea mara nyingi husimuliwa kama wimbo wa mchakamchaka, kila mtu anatabasamu na jembe begani. Haikuwa hivyo. Palikuwa na moyo, na palikuwa na shinikizo. Vyote viwili vilikaa chini ya mkorosho mmoja.

Lakini matunda yalionekana, tusidanganyane. Ulipofanyika mtihani wa taifa mwezi Agosti 1975, watu zaidi ya milioni tano walikuwa wameandikishwa katika madarasa. Wasiojua kusoma walihesabiwa kuwa asilimia 39. Mwaka 1986 hesabu ilionyesha kama asilimia 10 tu. Na watu hawakufundishwa a, e, i, o, u peke yake. Vitabu vya kisomo vilihusu pamba, ndizi, uvuvi, ufugaji. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu karibu milioni mbili katika vikundi, wakisikiliza kipindi, wakijadiliana, kisha wakienda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Mwaka 1975 ikafuata "Chakula ni Uhai". Kule Kanda ya Ziwa lilikuwapo gazeti la wasomaji wapya, lililoitwa "Elimu Haina Mwisho".

Hebu tulitafakari jambo hili sisi tunaojiita waandishi chipukizi. Tunalalamika kila siku kwamba watu hawasomi. Tunawataja wachapishaji, tunaitaja bei ya karatasi. Ila je, umewahi kufikiri kwamba msomaji naye hutengenezwa? Ametengenezwa na mtu, jioni, kwa chaki. Wasomaji wa Kiswahili waliotengenezwa nchini katika miaka ile, sehemu kubwa ni kazi ya mikono ya vijana wa darasa la saba ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Nilimwuliza Bibi, "Huyo binti aliitwa nani?"

Akafikiri kwa muda mrefu. "Tulimwita Mwalimu tu."

Je, walilipwa? Mwalimu wa kujitolea alipewa posho ya shilingi 30 kwa mwezi. Hata wakati ule haikuwa hela ya kujengea nyumba, lakini ilikuwa ni ishara kwamba nchi inamwona. Halafu mambo yakaenda mrama. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 vikala akiba, uchumi ukayumba, na miaka ya 1980 maduka yakawa matupu. Posho ikachelewa, kisha ikachelewa zaidi. Chaki ikakosekana, mafuta ya taa yakakosekana. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Madarasa yakafa moja moja, kimyakimya, bila tangazo.

Matokeo yake? Sensa ya 2002 ilikuta karibu watu 31 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 na zaidi hawajui kusoma. Ile ya 2012 ilikuta kama 22. Vipimo havikuwa sawa na vya 1986, maana mtihani ni kitu kimoja na swali la karani wa sensa ni kingine. Hata hivyo ujumbe uko wazi: kilichojengwa kwa kujitolea kilibomoka kilipoachwa bila wa kukitegemeza.

Unaweza kusema, "Aa, hayo ni ya zamani, siku hizi kila mtu amesoma." Nami nilidhani hivyo mpaka nilipomwona jirani yetu mmoja, mama muuza mihogo. Hela zake anatunza kwenye simu. Hajui kusoma, kwa hiyo akitaka kutoa pesa humpa simu kijana yeyote aliye karibu na kumtajia namba yake ya siri, kwa sauti, mbele ya watu. Siku moja akakuta salio limepungua. Amlaumu nani? Nilipomsikia akilia, nilikisikia kile kicheko cha Masasi. Barua imegeuka simu, ila aibu ni ileile.

Basi tangu mwaka jana mimi na rafiki yangu mmoja tunafundisha Jumanne na Alhamisi jioni, kwenye baraza la jirani aliyetukubalia. Tulianza na akina mama tisa. Wamebaki watano. Sitaki kukupamba maneno: kuna siku tunakwenda tunamkuta mmoja tu, kuna siku mvua inatufukuza, na kuna siku mimi mwenyewe natamani nibaki na daftari langu la riwaya. Kijiweni wananiuliza, "Hiyo dili yako ina mshiko gani?" Nakosa jibu la haraka.

Swali lao si la kijinga, lakini. Siku hizi neno kujitolea limechafuliwa. Kijana anaambiwa ajitolee ofisini, apate uzoefu. Mwaka unapita, wa pili unapita, anafanya kazi ya mwajiriwa, na nauli anamwomba mama yake. Huko si kujitolea, ni kutumikishwa kwa jina zuri. Mimi napima hivi: anayenufaika ni nani, na je, naweza kusema basi bila kuadhibiwa? Yule binti wa Masasi alimpa mtu kitu ambacho hakinyang'anyiki. Na alistahili zile shilingi 30 zake, kila mwezi, kwa wakati.

Kwa hiyo ndugu yangu unayetaka kujitolea, huhitaji kungoja kampeni ya taifa. Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ulizia kama kuna darasa la watu wazima au la MEMKWA kwa watoto walioikosa shule. Kama lipo, kaongeze mkono. Kama halipo, tafuta baraza, chaki na wenzako wawili, ili mmoja akiugua darasa lisife. Na wewe usiye na muda wa kufundisha, changia boksi la chaki. Hilo nalo ni darasa.

Jambo la mwisho, hasa kwa sisi tunaoshika kalamu. Nenda kamwulize bibi au babu yako nani alimfundisha kusoma. Ukipata jina, liandike. Mimi nimechelewa, jina la mwalimu wa Bibi limepotea.

Bibi amemaliza sura yangu ya kwanza. Anasoma polepole, kidole kikifuata mstari, midomo ikicheza. Aliniambia kuna mahali nimeandika uongo: hakuna mwanamke anayelia vile. Nimeirudia sura yote.