Garanti ikiisha, sheria ya 1888 bado iko: historia ya frigo inayokufa Manika

Frigo inanunuliwa mwezi wa kwanza. Karatasi yake inasema garanti ya miezi 12. Mwaka unaofuata, mwezi wa pili, kompresa inanyamaza, samaki wanaoza, na mama aliyekuwa akiuza maji ya baridi mbele ya nyumba yake anarudi dukani na fakitira mkononi. Jibu analopewa linajulikana katika komine yote ya Manika: «Mama, garanti imekwisha.» Anarudi nyumbani, anaita fundi, na pesa inatoka mara ya pili.

Watu wengi wanafikiri jibu hilo ndilo sheria. Si sheria. Garanti ni ahadi ya mwenye kuuza au ya kiwanda, nao wanaweza kuifanya ndefu au fupi kama wanavyotaka. Sheria ya nchi ni kitu kingine, tena ni ya zamani kuliko mji wa Kolwezi wenyewe.

Tarehe 30 Julai 1888, wakati Kongo ilikuwa bado mali ya mfalme Leopold wa Pili, ilitoka dekreti juu ya mapatano kati ya watu: kuuza, kununua, kukopesha, kupangisha. Union Minière haikuwa bado. Ilizaliwa mwaka 1906. Mji wa Kolwezi ulikuja nyuma zaidi, karibu na mwisho wa miaka ya 1930. Waandishi wa dekreti walifuata kitabu cha sheria cha Ufaransa cha mwaka 1804, ambacho Ubelgiji pia ilikuwa inakitumia. Ubelgiji ikaondoka, Zaire ikaja na ikapita, lakini dekreti ile ingali inatumika mpaka leo katika mambo ya kuuza na kununua.

Ndani yake mna kanuni ya kasoro iliyofichika. Mwenye kuuza anajibu kwa kasoro ambayo mnunuzi hakuweza kuiona siku ya kununua, na ambayo inafanya kitu kisifae kwa kazi yake. Mnunuzi anaweza kurudisha kitu na kudai pesa yake yote, au kubaki nacho na kudai sehemu ya pesa. Mwenye kuuza aliyeijua kasoro na akanyamaza analipa pia hasara iliyotokea. Hata yule ambaye hakuijua anajibu, isipokuwa kama alisema tangu mwanzo kwamba anauza bila garanti yoyote. Ndiyo maana fakitira nyingi zina maneno kwamba kitu kilichouzwa hakirudishwi wala hakibadilishwi. Maneno hayo yanaweza kumsaidia muuzaji asiyejua kitu. Hayamwokoi yule aliyejua.

Hakuna mahali sheria hiyo inasema kwamba haki inakufa siku ambayo garanti ya karatasi inakwisha. Inachotaka ni mnunuzi asikawie kudai, na aonyeshe kwamba kasoro ilikuwa ndani ya kitu tangu siku ya kununua. Hapo ndipo ugumu ulipo.

Kama sheria iko tangu zamani hivi, kwa nini watu wa Manika hawaijui? Jibu liko katika historia ya mji.

Kwa miaka mingi Kolwezi iliishi chini ya kampuni. Union Minière, kisha Gécamines, ilitoa nyumba, hospitali, shule na mposho. Mfanyakazi wa kambi, nyumba yake ikipata shida, alijua mlango wa kupiga hodi: ni kampuni. Hakuzoea kwenda mbele ya mwamuzi kushitaki muuza duka. Katika mitaa ambayo haikuwa ya kampuni, mtu alitegemea duka, na duka lilitegemea jina la mwenyewe. Mgiriki au Mreno aliyekuwa na magazini mjini aliuza redio au frigo, na kesho yake alikuwa angali pale. Hakuwa mtu mwema kuliko wengine, lakini alikuwa na mlango unaojulikana.

Mlango huo ulifungwa kwa hotuba moja. Tarehe 30 Novemba 1973, rais Mobutu alitangaza zairianizasyo: maduka, mashamba na biashara za wageni zikapewa Wazaire, wengi wao watu wa karibu na utawala. Wale waliopewa waliitwa «acquéreurs». Wengine waliuza mali yote iliyokuwa kwenye rafu, na hawakuagiza nyingine. Kufikia mwaka 1976 serikali ilikuwa imeanza kurudisha biashara kwa wenyewe wa zamani, lakini wengi hawakurudi tena. Mtu aliyekuwa na karatasi ya garanti kutoka duka la namna ile alibaki na karatasi isiyo na mwenyewe. Watu wanapozungumza juu ya zairianizasyo wanataja mashamba na pesa kubwa. Uharibifu huu mdogo wa imani kati ya mnunuzi na muuzaji hautajwi sana, na labda ndio uliodumu zaidi.

Kisha yakaja mambo moja juu ya lingine. Vita vya Mei 1978 vilifika ndani ya Kolwezi yenyewe, na wageni wengi wakaondoka. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilianguka, na mishahara ikaanza kukosekana. Mwaka 1992 na 1993, familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi. Watu walingojea treni pamoja na watoto, na vyombo vya nyumba viliuzwa kwa bei yoyote iliyopatikana, kwa sababu frigo haipakiwi kwa urahisi kama godoro. Frigo iliyouzwa namna ile iliingia nyumba nyingine bila fakitira na bila jina. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa mpango ulioitwa «départ volontaire», na pamoja nao ikaondoka desturi ya kuwa na mlango wa kupiga hodi.

Leo vyombo vinafika Lualaba kwa barabara ya Kasumbalesa, vingine vipya, vingine vilivyokwisha kutumiwa Bulaya. Kule Bulaya, sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1999 ilimpa mnunuzi wa kitu kipya miaka miwili ya garanti, hata kama muuzaji hapendi. Frigo inapofika soko la Manika, miaka hiyo imekwisha kuliwa na watu wengine. Kenya nayo ilitunga sheria ya kulinda wanunuzi mwaka 2012. Kongo ina ofisi ya OCC tangu mwaka 1974 kwa kukagua mali zinazoingia, na ina sheria ya 9 Julai 2018 juu ya bei na mashindano ya biashara. Lakini kwa frigo iliyokufa mwezi wa 13, mtu anarudi palepale, kwa dekreti ya 1888.

Mwaka 2012 Kongo iliingia OHADA, jamii ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara. Wengine walidhani sasa mnunuzi mdogo amepata mkombozi. Kanuni za OHADA juu ya kuuza zinahusu wafanyabiashara kati yao. Mama anayenunua frigo ya nyumbani amewekwa nje.

Iko pia swali la umeme, ambao wengi Manika wanauita kurani. Nguvu ya Inga inafika Kolwezi kwa laini ya kilomita zaidi ya 1,700, iliyowashwa mwanzo wa miaka ya 1980 kwa ajili ya migodi. Nyumba za mji zinapata kidogo, tena kwa kurukaruka. Umeme ukishuka, kompresa inajaribu kuanza, inashindwa, inapata moto, mpaka nyuzi zake zinaungua. Umeme ukirudi kwa nguvu nyingi, unaua kadi ya ndani. Kwa hiyo muuzaji ana neno la pili akishamaliza lile la garanti: «Ni kurani iliyoua, si mimi.» Mara nyingi anasema kweli. Hata hapo dekreti ya 1888 haikunyamaza: anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake anapaswa kuilipa. Lakini deni hilo ni la mwenye kusambaza umeme, si la duka, na kumshitaki ni safari nyingine kabisa.

Ndiyo sababu neno la fundi ni la maana kuliko watu wanavyofikiri. Fundi akifungua frigo anaweza kuona kama nyuzi ziliungua, kama gesi ilitoka kwa bomba lililounganishwa vibaya kiwandani, au kama ni mpira wa mlango tu uliochoka. Bomba lililounganishwa vibaya ni kasoro iliyofichika. Mpira uliochoka ni uzee. Fundi akiandika alichokiona, pamoja na tarehe, kabla ya kutengeneza, mama ana kitu cha kupeleka dukani, na duka likikataa, kwenye tribunali ya amani. Akitengeneza kwanza, alama zimepotea.

Familia zilizohamishwa, iwe kwa vita, iwe kwa migodi inayopanuka ndani ya mji, mara nyingi hazina fakitira tena. Ilibaki kwenye nyumba ya zamani. Hapa sheria ileile ya OHADA iliyomweka mama nje inamfungulia dirisha. Inasema kwamba mbele ya mfanyabiashara, jambo la biashara linaweza kuthibitishwa kwa njia zote, hata ya elektroniki. Shahidi aliyesaidia kubeba frigo ni njia. Ujumbe wa simu unaoonyesha pesa iliyotumwa kwa muuzaji, na siku iliyotumwa, ni njia pia, na simu ndiyo kitu cha kwanza ambacho mtu anakimbia nacho.