Walihesabiwa, Wakajibu kwa Majina

Leo siasa tuziweke kando. Ni historia, na naomba dakika zako tatu tu.

Chuo niliacha mwaka wa pili, lakini ile tabia ya kusoma vitu saa nane za usiku haijawahi kuniacha. Juzi nikasoma kuhusu kipeperushi kilichotolewa Ujerumani mwaka 1920. Kimeandikiwa akina mama wa Kijerumani. Ujumbe wake, kwa maneno yangu, ni huu: Wayahudi 12,000 walikufa wakipigania nchi hii, kwa hivyo msikubali mama Myahudi adhihakiwe akiwa kwenye uchungu wake.

Nikashtuka. Yaani ilifikaje mahali mtu aliyempoteza mtoto vitani lazima atetewe kwa karatasi, ndiyo watu waamini alimpoteza kweli?

Wengi wetu tukisikia Wayahudi na Ujerumani, akili inaruka moja kwa moja hadi kwa Hitler. Turudi nyuma kidogo, Agosti 1914. Vita vya Kwanza vinaanza, na mfalme wa Ujerumani anatangaza kwamba kuanzia sasa haoni vyama wala makundi, anaona Wajerumani tu. Wayahudi wa huko waliisikia hiyo kauli kama mlango unafunguliwa. Kwa karibu miaka 30, jeshi la Prussia lilikuwa halimpandishi Myahudi hata mmoja kuwa ofisa wa akiba. Sasa wakaona nafasi imefika. Karibu 100,000 walivaa sare.

Mmoja wao ni Ludwig Frank. Alikuwa wakili, mbunge kutoka Mannheim, miaka 40. Si angebaki tu bungeni apige hotuba? Hapana, alijitolea kwenda vitani kama askari wa kawaida. Tarehe 3 Septemba 1914 akauawa karibu na Lunéville, Ufaransa. Vita vilikuwa na mwezi mmoja tu.

Halafu mambo yakawa magumu. Vita havikuisha haraka vile watu waliahidiwa, chakula kikapungua mijini, na lawama zikaanza kutafuta mtu wa kubeba. Uvumi ukaenea ati Wayahudi wamejificha maofisini huku wengine wanakufa. Oktoba 1916 Wizara ya Vita ya Prussia ikatoa amri: Wayahudi wote jeshini wahesabiwe, ijulikane nani yuko mstari wa mbele na nani hayuko. Hebu jiweke hapo. Uko ndani ya handaki, matope hadi magotini, umezika rafiki yako jana, halafu anakuja karani na fomu kuuliza kama kweli uko vitani.

Na unajua kibaya zaidi? Matokeo ya hiyo hesabu hayakutangazwa wakati wa vita. Uvumi ukaachwa ujilishe wenyewe. Kumbe utafiti wa baadaye ulionyesha Wayahudi walihudumu kwa kiwango kama cha Wajerumani wengine tu.

Mwaka 1919 askari waliorudi wakaunda chama chao, kiongozi akiwa Leo Löwenstein, mkemia aliyekuwa kapteni vitani. Ndio hao walitoa kile kipeperushi. Lakini kazi yao iliyonigusa zaidi ni kitabu walichotoa mwaka 1932. Ni majina ya waliokufa, zaidi ya 10,000, yamepangwa kulingana na mahali kila mtu alitoka, na tarehe aliyozaliwa, tarehe aliyokufa na kikosi chake. Serikali iliwahesabu kama washukiwa, na wao wakajibu na majina, mtu mmoja mmoja. Nakala moja ilimfikia Rais Hindenburg, yule yule aliyekuwa mkuu wa majeshi.

Miezi michache baadaye, Januari 1933, Hindenburg huyo huyo akamteua Hitler kuwa kansela. Aprili sheria ikatoka ya kuwafukuza Wayahudi kwenye kazi za serikali. Hindenburg akaomba waliopigana vitani waachwe, pamoja na waliopoteza baba au mtoto huko. Wakaachwa. Hindenburg akafa 1934, na kufikia mwisho wa 1935 hiyo ruhusa ilikuwa imefutwa. Baadaye wazee wenye nishani na wenye ulemavu wa vita walipelekwa kambi ya Theresienstadt, na wengi wakatolewa hapo kwenda Auschwitz. Nishani haikumfunika mtu.

Vita hivyo vilifika kwetu pia. Waingereza walipopigana na Wajerumani waliotawala Tanzania bara ya leo, ndani ya KAR kulikuwa na askari Wanubi wenye asili ya Sudan. Ndio walipewa Kibera wakae. Nina rafiki Mnubi, tulimaliza sekondari pamoja. Mimi kitambulisho nilipata bila stori nyingi. Yeye alipigwa msasa mbele ya wazee, akaulizwa karatasi za babu yake. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba Kenya imewakosea watoto wa Kinubi kwa mambo haya ya uraia. Silinganishi Kibera na Auschwitz, tafadhali tusielewane vibaya. Nasema tu kwamba hili swali, "wewe ni wa hapa kweli?", nalijua sauti yake.

Berlin, kwenye makaburi ya Wayahudi ya Weißensee, kuna sehemu ya askari wa vita hivyo, na mnara wao uliozinduliwa 1927. Bado upo. Nikifika huko siku moja, nitasoma majina polepole.

Kwa sababu wale vijana walidhani wakifa kwa ajili ya nchi, familia zao hazitaulizwa tena kama ni za hapo. Ziliulizwa. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema kabila fulani au dini fulani "wathibitishe uzalendo wao kwanza", muulize atatosheka na makaburi mangapi. Ngoja jibu. Mimi naamini hana idadi.