Biashara ya mtandaoni na teknolojia ya kijani: Mizani ya China

BIASHARA ya mtandaoni humpunguzia mnunuzi safari za dukani, lakini humwachia maboksi, mifuko ya plastiki na gundi. China, yenye soko kubwa kuliko yote duniani la biashara hiyo, inaonyesha wazi faida na hasara zake kwa mazingira.

Mwaka 2023, makampuni ya kusafirisha vifurushi nchini humo yalishughulikia vifurushi bilioni 132. Kutokana na wingi wa taka, serikali ilirekebisha kanuni, na kuanzia Juni 1, 2025 makampuni hayo yanatakiwa kupunguza vifungashio na kutumia vile vinavyoweza kurejelewa.

Kwa upande wa teknolojia ya kijani, jiji la Shenzhen lilikamilisha mwaka 2017 mpango wa kufanya mabasi yake yote, zaidi ya 16,000, yaendeshwe kwa umeme. Mabasi hayo hayatoi moshi barabarani.

Hata hivyo, usafi wa gari la umeme hutegemea chanzo cha umeme wake. Mwaka huo wa 2023, China ilifunga mitambo ya umeme wa jua yenye uwezo wa gigawati zipatazo 217, lakini takriban asilimia 60 ya umeme wake bado ilitokana na makaa ya mawe. Hivyo, sehemu ya moshi ulioondolewa mjini huhamia kwa wakazi wa jirani na mitambo ya kufua umeme.

Kwa nchi nyingine ambazo uchumi wake unakua kwa kasi, funzo ni kwamba teknolojia pekee haitoshi. Inahitaji sheria za taka na umeme safi.