Tamthilia ya Kiepiki
Tamthilia ya kiepiki ni mkondo wa maigizo uliokuzwa nchini Ujerumani katika miaka ya 1920 na Bertolt Brecht (1898–1956), aliyetaka mtazamaji asizame katika hisia za wahusika bali ayapime kwa akili mambo anayooneshwa jukwaani. Kazi iliyoutangaza zaidi ni Opera ya Senti Tatu, iliyooneshwa kwanza mjini Berlin tarehe 31 Agosti 1928, miaka 200 baada ya opera ya Mwingereza John Gay iliyokuwa chimbuko lake. Humo muziki wa Kurt Weill, uliochanganya jazi na nyimbo za vilabuni, hauendelezi kisa bali hukikatiza: mwigizaji huacha mazungumzo, taa hubadilika, naye huwaimbia watazamaji waziwazi, hata wimbo ukawa hoja, na huo ndio ubunifu mkubwa kuliko wote wa mkondo huu. Mbinu hiyo ya kumweka mtazamaji mbali kidogo na kisa huitwa ukengeushi. Wanazi waliposhika utawala mwaka 1933, Brecht na Weill walikimbia. Weill aliishia kutungia majukwaa ya Broadway, ilhali Brecht alirejea Berlin, ambako mwaka 1949 yeye na mkewe, Helene Weigel, walianzisha kundi la Berliner Ensemble. Athari ya Brecht ilifika hadi kwenye tamthilia ya Kiswahili: Ebrahim Hussein, mtunzi wa Kinjeketile (1969), alisomea uzamivu Berlin Mashariki.