Hadhira ya Mbali: Barua za Misheni na Usimulizi wa Pwani, 1844–1888

Historia ya nathari ya Kiswahili katika karne ya 19 aghalabu huelezwa kupitia kamusi, sarufi na tafsiri za Biblia. Ipo fani nyingine isiyopewa uzito unaostahili, nayo ni barua na majarida yaliyoandikwa ili kuwafahamisha wafadhili wa Uingereza kuhusu kazi ya misheni katika Afrika Mashariki. Makala haya yanashikilia kwamba nguvu ya fani hiyo ilitokana na hadhira yake, na kwamba hadhira iyo hiyo ndiyo iliyoiwekea mipaka.

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844. Haukupita muda mrefu kabla ya mkewe, Rosine, na binti yao mchanga kufariki dunia. Alipoiandikia halmashauri ya Church Missionary Society huko London, Krapf hakuishia kwenye maombolezo. Alilifanya kaburi hilo kuwa ishara kwamba mapambano yameanza na kwamba watenda kazi wengine wanahitajika. Kwa njia hiyo, msiba wa mtu mmoja uligeuzwa kuwa wito kwa wengi. Shirika hilo lilipoanzisha jarida la Church Missionary Intelligencer mwaka 1849, lilichapisha taarifa ya Johannes Rebmann, aliyeuona Mlima Kilimanjaro mwaka 1848. Msomaji aliyetoa sadaka yake alipewa pia ajabu ya theluji karibu na ikweta, jambo ambalo mwanajiografia W. D. Cooley alilikanusha vikali.

Universities' Mission to Central Africa, iliyohamia Unguja mwaka 1864, iliikuza mbinu hii. Jarida lake la Central Africa lilianza mwaka 1883. Mwaka 1887, A. C. Madan alichapisha London kitabu kiitwacho Kiungani, chenye masimulizi ya wavulana wa shule za misheni hiyo. Wengi wao walikuwa wamekombolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Wavulana waliandika kwa Kiswahili, naye Madan akatafsiri na kuhariri kwa Kiingereza. Hapana ripoti ya kamati ambayo ingeweza kushindana na sauti ya mtoto anayesimulia nyumbani kwao, kutekwa kwake, safari ya kwenda pwani na kuokolewa kwake. Hata hivyo, mkondo huo wa matukio ulilingana mno na matarajio ya mfadhili. Kila hatua ilimwelekeza kwenye shule aliyoombwa kuichangia.

Tofauti inadhihirika katika Msimulizi, jarida la Kiswahili lililoanza Kiungani mwaka 1888. Humo wanafunzi na walimu Waafrika walipashana habari za vituo vyao: safari, ndoa, vifo na maendeleo ya shule. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wasomaji wa Msimulizi walikuwa wamekilalia. Mwandishi hakulazimika kuwaeleza jahazi ni nini, wala kuwaliza ili watoe fedha. Watu wa tabaka lile lile ambalo katika Kiungani liliwasilishwa kama la kuhurumiwa, hapa ni watazamaji na waamuzi wa mambo yao wenyewe.

Haifai, kwa hivyo, kuyatupilia mbali maandishi ya wafadhili. Mhakiki anayeyakataa kwa sababu ya mkono wa mhariri huwanyamazisha wavulana wale mara ya pili. Vivyo hivyo, anayeyasoma kana kwamba mkono huo haukuwapo humchukua Madan akadhani amewapata wao. Swali la msingi kwa kila matini ya aina hii ni moja: iliandikiwa nani? Jibu lake ndilo linalobainisha kilichosemwa, kilichoachwa, na sababu ya simulizi kukomea pale ilipokomea.